Fundi aliyezikuta inchi zake kwenye orodha iliyovuja

Saa moja na robo asubuhi, mguu wa fundi unasimama ghafla juu ya kanyagio. Cherehani inanyamaza katikati ya mshono. Simu yake, iliyolazwa kifudifudi juu ya rundo la sketi za shule, inatetemeka.

Haipokei. Anaigeuza, anaisoma namba, kisha anavuta daftari lenye jalada lililochakaa na kuandika tarehe, saa na namba hiyo. Kurasa za mbele zimejaa vipimo vya wateja: kifua, mabega, kiuno. Kurasa za nyuma zimejaa namba za watu asiowajua.

"Hii ni ya kumi na tisa," anasema. "Wengine ni wateja tu wanaulizia magauni yao, nakuja kuwapigia baadaye naomba radhi. Lakini siku hizi simu ikilia, moyo unatangulia mkono."

Mafundi wenzake humwita Mama Kola, kwa sababu kola anazoshona hazipindi hata zifuliwe mara mia. Ana miaka arobaini na saba, ni mjane, na ana binti mmoja aliye darasa la tano. Kwa miaka sita amekuwa akishona sare za shule anayosoma binti huyo. Mwaka jana peke yake alishona sare 412.

"Shule hiyo ndiyo inayotulisha miezi minane," anasema. "Minne iliyobaki tunasukuma na magauni ya harusi."

Utulivu wake uliondoka Jumanne moja, miezi mitatu iliyopita. Saa nne asubuhi alipigiwa na mwanamume mwenye sauti ya upole, aliyemtaja binti yake kwa majina yote matatu na tarehe ya kuzaliwa.

"Mama, usishtuke. Mtoto amebanwa na pumu darasani. Tuko naye zahanati, na dawa yake imekwisha. Tuma hela sasa hivi, daktari anasubiri."

Binti ana pumu kweli. Mama alituma, kiasi kinacholingana na faida ya sare tisa, kisha akakimbia.

"Alikosea kitu kimoja. Alisema mtoto yuko darasa la nne, wakati alikwishapanda la tano. Nilikisikia kabisa. Lakini mama aliyeambiwa mwanawe hapumui hahesabu madarasa."

Alimkuta bintiye uwanjani, anaruka kamba.

"Nilimkumbatia mpaka akaniambia, 'Mama, wenzangu wananiangalia! Na huo utepe wa kupimia shingoni, kama daktari wa mbuzi!'" Anacheka kidogo, kisha anaacha.

Ndani ya wiki hiyo wazazi wengine walipata simu za namna hiyo. Baada ya wiki mbili shule ilituma barua: taarifa za wanafunzi 638 "zimewafikia watu wasiohusika". Nyuma ya barua kulikuwa na fomu. Mzazi atakayeisaini atasamehewa ada ya mtihani ya muhula mmoja, naye hataidai shule jambo lolote kuhusu taarifa hizo. Wazazi walisaini pale pale getini, wakiazimana migongo ya kuandikia.

"Na mimi nilikuwa na kalamu mkononi," anakumbuka. "Kilichoniokoa ni kwamba sisaini kitu nisichokisoma mara mbili, na mimi husoma polepole. Nilipofika mara ya pili kwenye 'hataidai jambo lolote', nikaikunja nikaitia kwenye pochi."

Aliipeleka kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, chumba chenye benchi mbili kinachofunguliwa Alhamisi mchana. Wakili, msichana wa miaka ishirini na kitu ambaye miwani yake imefungwa kwa uzi, aliisoma fomu akiwa amesimama.

"Nilimwambia, mama, usisaini," anasema wakili huyo. "Kuomba msamaha hakuhitaji saini ya anayeombwa. Hapo walikuwa wanafunga mlango na kuondoka na ufunguo."

Kabla hawajagusa sheria, walishika simu. Mama Kola alibadilisha namba ya siri ya akaunti yake ya pesa akiwa ameketi kwenye benchi. Wakaipigia kampuni ya simu kuomba laini yake isihamishiwe kwa mtu mwingine mpaka yeye mwenyewe afike dukani na kitambulisho. Jumbe za matapeli aliambiwa asizifute, azipige picha, na kila simu aiandike. Ndipo daftari la vipimo likapata kurasa zake za nyuma. Kesho yake alikwenda polisi, si kwa kutegemea kurudishiwa fedha bali kupata namba ya taarifa, kwa kuwa kila ofisi angeulizwa hiyo.

Na nyumbani wakachagua neno. Mtu yeyote akipiga kuhusu mtoto, alitaje kwanza. Wanaolijua ni watatu: mama, binti na mwalimu wa darasa. Mwandishi aliuliza ni neno gani akatazamwa vibaya.

Upande wa sheria, wakili alimweleza kwamba anaweza kuiandikia shule, ieleze kwa maandishi ni taarifa zipi zilitoka, lini, na ni nani waliopewa. Anaweza kulalamika kwenye ofisi ya serikali inayolinda taarifa za watu. Na akitaka fidia anaweza kwenda mahakamani, peke yake au na wenzake. "Tuanze na barua," wakili alisema. "Mahakama haihami." Wazazi thelathini na mmoja walijiunga naye.

Alhamisi ya pili, wakili aliweka karatasi mezani. Tapeli mmoja alikuwa amempelekea mzazi picha ya orodha ili kumtisha, na mzazi akaichapisha. Mama Kola aliiona: majina, madarasa ya mwaka jana, tarehe za kuzaliwa, namba za wazazi, magonjwa. Pembeni kabisa kulikuwa na safu isiyo na kichwa. Mbele ya jina la binti yake iliandikwa 24, 11, 22.

"Niliweka kidole juu ya namba hizo. Nikasema, 'Wakili, hizi ni inchi zangu.'"

Kila mwanzo wa mwaka, karani wa shule humtumia majina ya watoto kwenye simu. Hapunguzi kitu, hutuma faili lote lilivyo, na maradhi yote ndani yake. Fundi hulipeleka kwenye duka la kuchapisha la mtu anayeitana naye shemeji kwa utani. Shemeji huingiza vipimo kutoka kwenye daftari, anachapisha, na fundi anakata karatasi vipande vyembamba na kubandika kila kipande kwa pini kwenye kitambaa kilichokatwa, ili mkono wa mtoto huyu usije ukashonwa kwenye bega la yule. Kwa miaka sita hajawahi kuchanganya hata mkono mmoja.

Siku hiyo hiyo alikwenda dukani.

"Shemeji, faili langu la mwaka jana bado unalo?"

"Lipo! Mimi sifuti kitu cha mteja, shemeji. Hata la mwaka wa kwanza lipo, nikutolee?"

Alisema kwa fahari. Kompyuta yake iko karibu na mlango, na mteja mwenye haraka huketi akajihudumia mwenyewe.

Wakili alimtaka asifute chochote kwanza. Mafaili yalipigwa picha na kuandikwa, yakatolewa kwenye kompyuta hiyo mbele ya mashahidi wawili, na nakala moja ikafungwa kwenye bahasha kama ushahidi. Kisha akamweleza mteja wake bila kumung'unya maneno: akisema, anaweza kupoteza kazi ya sare, na shule itamtupia mzigo wote. Akinyamaza, malalamiko ya wenzake hayataeleza orodha ilitokaje.

"Sikulala vizuri siku mbili," anasema fundi. "Niliomba. Nilimwomba Mungu anionyeshe njia ya kunyamaza bila kudanganya. Sikuonyeshwa."

Jumamosi, kwenye mkutano wa wazazi, alisimama na kueleza kila kitu, kuanzia karani mpaka pini. Ukumbi ulichemka.

"Kumbe mwizi ana cherehani!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma.

"Sisi tunatafuta wahalifu wa mtandaoni, kumbe tunavaa mashati yao!"

Mwalimu mkuu alikuwa wa kwanza kulishika neno hilo. Alisema sasa chanzo kimejulikana, na shule haihusiki.

Mama mmoja muuza mboga, ambaye hakuwa hata miongoni mwa wale thelathini na mmoja, alinyanyuka na kapu lake. "Samahani, mwalimu. Kifafa cha mwanangu nilikuambia wewe, ofisini kwako, ukafunga na mlango. Fundi sikumwambia. Nani alimwambia fundi?"

Mwalimu mkuu alitazama karatasi zake.

Wakili naye hamsafishi mteja wake. "Shule ndiyo iliyokabidhiwa. Fundi alihitaji jina na darasa, akapewa mpaka kifafa. Lakini naye aliibeba orodha hiyo ovyo, na nilimwambia hivyo. Ameliandika mwenyewe kwenye maelezo yake."

Wazazi sita waliondoa majina yao. Kumi na mmoja wapya waliandikisha, wa kwanza akiwa muuza mboga. Malalamiko yamepokelewa na kupewa namba ya jalada, na jibu linatarajiwa baada ya miezi mitatu. Inaweza kuwajibishwa shule, anaweza kuwajibishwa na yeye. Hajui.

Kazi ya sare pia hajui. Hajaitwa. Sketi zilizo mezani ni ishirini na tatu tu, za wazazi walioleta vitambaa wenyewe. Kila moja ina kipande cha karatasi chenye namba, basi. Majina yako kwenye kijitabu ndani ya kopo la biskuti lenye kufuli.

"Wakinirudisha, sitaki orodha," anasema. "Wanipangie watoto mstari mmoja, niwapime. Kifua cha mtoto ni kazi yangu. Kinachomuumiza kifuani si kazi yangu."

Simu inatetemeka tena. Mguu unasimama. Safari hii anapokea.

"Taja neno." Anasikiliza. Mabega yanashuka taratibu. "Haya, mwalimu. Mwambie nalileta sasa hivi. Na mwambie utepe nitauvua."

Binti amesahau daftari la hesabu.

Anasimama, anakung'uta nyuzi kwenye gauni, anautundika utepe kwenye msumari.

"Ninachomwomba Mungu sasa ni kidogo tu," anasema akiwa mlangoni. "Siku moja simu ilie, na mguu wangu uendelee kukanyaga."