Sahani ya Uani Mwezi wa Ramadhani

Nyumbani kwetu Malindi, mwanamke asiyefunga kwa sababu ya siku zake ana mahali pake: uani, nyuma ya tangi la maji, juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Mama humwachia sahani iliyofunikwa kwa kawa ya ukindu. Hakuna anayesema kitu. Wanaume hukohoa kabla ya kufungua mlango wa nyuma. Ukishaoga ukarudi kwenye saumu, kawa hurudi ukutani, na mambo yamekwisha.

Ramadhani ya mwaka niliomaliza chuo, kawa haikurudi ukutani kwa wakati wake.

Nilikuwa nimekuja na shahada yangu, nikingoja majibu ya kazi, na mwili wangu ulikuwa na tabia ambayo sikuwahi kumweleza mtu. Damu ilipotea kwa miezi, kisha ikaja kama kitu kilichokuwa kimefungiwa. Chuoni nilijiambia ni mitihani. Mitihani ilipokwisha nikajiambia ni wasiwasi wa kazi. Sikuthubutu kuuliza, maana kila jibu nililolifikiria lilianza na swali: kwani umefanya nini? Sikuwa nimefanya lolote, lakini mtu mwenye wasiwasi haoni haya kwa sababu ya kosa tu.

Mwaka huo damu ilianza pamoja na mwandamo wa mwezi. Mwanzoni nilikula uani bila neno. Wiki ya pili nikaanza kuyachunguza macho ya watu. Baba akikohoa, naona leo amekohoa kwa muda mrefu kuliko jana. Kaka yangu aliniuliza mbona siendi tarawehe na mama. Mkewe akamkanyaga mguu, naye akainamia tende zake. Kuanzia hapo nikaacha hata sahani ya uani. Nilikunywa maji bafuni, bomba limefunguliwa, ili mtu asisikie nikimeza.

Mwishowe nilimwendea shangazi, dada yake baba, anayewafundisha wanawake dini nyumbani kwake baada ya alasiri. Nilingoja wenzangu wote watoke.

"Shangazi, ikikawia sana?"

"Imekawia kiasi gani?"

"Imeshapita kiasi."

Hakutaka nimalize. "Ikivuka ukomo wake si hedhi tena, mwanangu. Ni istihadha, damu ya maradhi. Jitwahirishe, jifunge vizuri, usali na ufunge. Ndiyo umekaa na haya siku zote hizi? Na kusoma kote huko?"

Nilitoka kwake mwepesi kama aliyesamehewa. Jambo langu lilikuwa na jina, na jina lilikuwa na hukumu. Neno maradhi lilikuwamo ndani ya jibu lake, naye alilitamka waziwazi. Sote wawili tulilipita tukaenda kwenye sala.

Nikafunga. Kawa ikarudi ukutani, baba akaacha kukohoa, nami damu iliendelea kunitoka. Nilipopanda ngazi kuanua nguo, moyo ulinidunda hadi masikioni. Niliuona uso wangu kwenye kioo umekuwa rangi ya unga, nikajiambia ni saumu, kila mtu amechoka.

Nilianguka jioni moja nikikoroga unga wa kaimati, na bakuli likanimwagikia kifuani. Jirani yetu alikuwa mlangoni na sahani yake ya futari, kama tunavyopelekeana. Nilipofumbua macho nilimsikia akimwambia mama kwa sauti ya upole, na upole wenyewe ndio ulioniumiza:

"Mwenzangu, hii si saumu. Mpime mwanao mapema, usije ukashonea mtoto nguo kwa haraka."

Mama alikuwa akinipangusa unga. "Sahani yako itarudi na kaimati, jirani," alisema. "Hayo maneno yako sijui niyarudishe na nini."

Lakini kesho yake tulikwenda kliniki, na njia nzima mama hakunena. Nilijua anafikiria nini. Au nilidhani najua, na kwangu hayo mawili huwa hayatofautiani.

Daktari, mama wa makamo mwenye ushungi wa kijivu, aliagiza kipimo cha mimba kama anavyomwagizia kila mtu. Nilikipeleka kikopo cha mkojo nimekifunika kwa baibui, kana kwamba mwili wangu ungeweza kunisingizia. Jibu lilipokuja, mama alisema, "Mimi sikuwa na shaka." Mkono wake uliokuwa umeukamata mkoba ukalegea.

Damu yangu ilikuwa imepungua vibaya. Daktari alinikataza kufunga, akanipa vidonge vya madini ya chuma, akaandika nipigwe picha ya tumbo. Alitueleza polepole, akimtazama mama pia. Wengi huona siku zao kila baada ya wiki tatu hadi tano hivi, na kupishana kidogo si neno. Ila ikipotea miezi mitatu na huna mimba, au ikiendelea zaidi ya wiki, au ukalazimika kubadilisha pedi kila saa, hayo ni ya kuletwa hospitali. Yai langu, alisema, huenda halipevuki kila mwezi. Lisipopevuka, utando wa ndani wa mji wa mimba huendelea kunenepa, na ukija kubomoka, hubomoka wote.

"Hukumwambia mtu?"

"Nilimwambia shangazi yangu."

"Akasema?"

"Nifunge."

Mama aliinama, nami nikaona haya upya, safari hii kwa ajili ya shangazi.

Shangazi alikuja kuniona siku ya tatu. Nilikuwa uani, juu ya mbuzi, nakula maini mchana mweupe, sikujificha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wanasema nilikuua."

"Nani kasema?"

"Mama yako hakusema. Ndiyo maana nimejua." Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Kwani nilikosea?"

"Hukukosea. Nilikuuliza habari ya sala, ukanijibu ya sala. Ya mwili sikukuuliza."

Akaifunika sahani yangu kwa kawa, akaifunua tena.

"Na ikimjia mtu aliyekwisha koma?" aliuliza. "Mtu mzima. Miaka imepita, kisha ikaja."

Nilitafuna kipande kilichokuwa mdomoni. Sikuthubutu kumwangalia usoni.

"Tangu lini, shangazi?"

"Tangu Rajabu. Najitwahirisha, nasali. Nimefunga zote."

Sikumwuliza mbona hakusema. Nilinawa mikono, nikaenda ndani kuchukua baibui langu. Niliporudi alikuwa bado ameketi, ameishika kawa mapajani.

"Leo?" alisema. "Na huyo daktari ataniuliza mbele yako?"

"Ataniambia nitoke. Nitakaa mlangoni."

Aliitundika kawa ukutani, akashikilia bega langu, akasimama.