Mfua Shaba wa Chini ya Mnara wa Saa

Ashuri Miladi alianza kufua shaba akiwa na miaka kumi na miwili, katika soko la mafundi wa shaba mjini Tripoli, hatua chache kutoka mnara wa saa uliojengwa zama za Waturuki. Nyundo zilipopamba moto, mtu angekupigia kelele sikioni na usimsikie. Kengele ya mnara tu ndiyo iliyopenya. Ikilia adhuhuri, nyundo zote zilinyamaza, watu wakaenda kunawa mikono.

Kwa hiyo Ashuri hakuona haja ya kujifunza kusoma saa. Wala hakumwambia mtu kwamba hajui.

Alipokuwa na miaka ishirini na mitatu, msichana aitwaye Mabruka alileta sufuria ya shaba ya mama yake ipakwe bati upya kwa ndani. Ashuri akamwambia aje kesho yake saa nne. Akaja, haiko tayari. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Mabruka akashika kiuno.

"We fundi, mnara mzima umesimama mbele yako, huoni mishale? Au na macho umeyapaka bati?"

Soko likaangua kicheko. Ashuri akainama na kusema kwa sauti ya chini, "Dada, sijui kuisoma."

Mabruka hakucheka. Aliokota mkaa, akachora duara sakafuni, akamwonyesha kazi ya mshale mfupi na ya ule mrefu. Sufuria ilikuwa tayari kesho yake, lakini Mabruka aliichukua baada ya wiki mbili za masomo. Mwaka uliofuata wakaoana.

Miaka arobaini na moja alimletea chakula cha mchana, na mafundi hawakuchoka kumtania mumewe: "Ashuri, mwalimu huyo anakuja, ficha daftari!"

Mabruka alifariki wakati wa baridi. Mwaka uleule saa ya mnara ikaharibika, ikaganda saa kumi na dakika ishirini. Watu waliendelea kuambiana, "Tukutane kwenye saa," ingawa haikumwambia mtu lolote. Masikio ya Ashuri nayo, baada ya nyundo za maisha mazima, yakaziba.

Siku saa ilipotengenezwa, uwanja ulijaa. Jirani yake Fathi alimtikisa bega. "Mzee, inalia! Unasikia?"

Ashuri alimsoma midomo, akatikisa kichwa. Akausogelea mnara, akaweka kiganja ukutani. Kila pigo lilimfikia mkononi, hafifu, kama mtu anayebisha mlango wa mbali. Machozi yakamtoka mbele za watu, wala hakuyafuta.

Binti yake Zohra akamshika mkono, akasema polepole ili baba aone maneno. "Baba, twende ukakae kwangu. Huku una nani?"

"Nina kazi, mwanangu."

Ijumaa mzee alikwenda kwa Zohra, akala ugali wa shayiri kwa mchuzi wa kondoo, akalala kutwa nzima. Jumamosi Zohra alipoamka, alikuta kitanda kimeshatandikwa, na mzee ameshakwenda sokoni.