Juu ya Vistari Vitatu

Kila asubuhi, kabla kikaushio cha kwanza hakijawashwa saluni, Da' Kiraka hufungua barua pepe zake na kuzisoma moja baada ya nyingine, midomo ikicheza bila sauti, kidole kikitembea kwenye skrini kama cha mtoto wa darasa la kwanza. Akifika kwenye vistari vitatu husimama. Hunywa funda la chai, moja tu, kisha huendelea. Barua saba, mafunda saba. Mdogo wake, Msusi, ambaye ndiye mwenye saluni, huweza kukuambia barua za siku hiyo zilikuwa ngapi kwa kuchungulia kikombe.

Da' Kiraka si jina la cheti. Alibatizwa na wateja, waliochoka kumsikia akitamka "kiraka, kiraka" kutoka kwenye kimeza chake cha kona, kati ya kabati la taulo na kioo chenye ufa. Zamani alikuwa karani wa shule. Miaka kumi na moja alipanga ratiba za masomo kwa penseli na raba, na kila muhula mwalimu mmoja alijikuta yuko vyumba viwili kwa saa ileile, naye akaitwa ofisini kujieleza kana kwamba yeye ndiye aliyemkata yule mwalimu vipande. Ndipo akasikia kuna programu inayopanga ratiba yenyewe, ya bure. Akaitumia, akaona kosa, akamwandikia mtunzaji wake. Mtunzaji akajibu kwamba amechoka, na kama dada yuko tayari, aichukue. Akaichukua, kama mtu anavyochukua paka wa jirani anayehama. Leo shule zaidi ya mia tatu zinapanga ratiba kwa paka huyo.

Wanaoitumia wakiona kosa, wale wanaojua hulirekebisha kwenye msimbo, yaani yale maandishi yanayoiamuru kompyuta, kisha hutuma lile badiliko peke yake kwa barua pepe: mstari huu utoke, huu uingie. Hicho ndicho kiraka. Kazi ya Da' Kiraka ni kuihifadhi barua kama faili, kukijaribu kiraka pembeni, kukitia kwenye programu, kisha kulisambaza toleo jipya. Na barua huhifadhiwa nzima. Ole wako unakili kwa kipanya ukabandike kwako. Nafasi zitahama, na kiraka hakitajua kwao ni wapi.

"Kimekataa," husema siku kama hizo, kwa sauti ya muuguzi anayetoka chumba cha upasuaji.

"Nini kimekataa?" huuliza mteja aliye chini ya kikaushio.

"Kiraka. Mtu kakivuruga njiani."

"Maskini," husema mteja, na saluni nzima hutikisa kichwa kwa heshima.

Sasa, kuhusu vile vistari vitatu. Barua ya kiraka ina ghorofa mbili, na vistari hivyo, vilivyolala peke yao kwenye mstari wao, ndivyo vinavyozitenganisha. Maneno yaliyo juu ya vistari huingia kwenye kumbukumbu za programu pamoja na kiraka chenyewe, na hukaa humo milele, kwa sababu kila mwenye programu hupata nakala. Yaliyo chini ya vistari mashine huyadondosha. Kwa hiyo watu wenye adabu ya kazi hii hueleza kazi juu, na kusalimiana chini.

Hapo ndipo anapoingia Mwalimu wa Hesabu. Alikuwa anafundisha mji mwingine, na kwa miaka minne alileta viraka visafi kuliko vya mtu yeyote. Juu ya vistari alikuwa mkavu kama chaki: "Kiraka hiki kinarekebisha mpangilio wa vipindi vya maabara." Chini ya vistari, lo, alikuwa mtu mwingine kabisa. Paa lake linavuja juu ya kitanda tu, kwingine kote kukavu. Amejinunulia viatu, vyote vya kushoto, na muuzaji anabisha. Mwanafunzi wake ameandika kwenye mtihani kwamba jibu analijua ila halipendi. Da' Kiraka alizisoma ghorofa za chini akicheka kwa mabega, na Msusi akimuuliza kuna nini, alijibu, "Kazi."

"Kazi gani inayochekesha hivyo? Na mimi nihamie."

"Wewe suka, mdogo wangu."

Hawakuwahi kuonana. Miaka minne, maisha ya mtu yakipita chini ya vistari na kudondoshwa na mashine. Ila mashine haikujua kwamba barua zenyewe dada alikuwa amezihifadhi zote, kwenye jalada lisilokuwa na jina.

Jumatatu moja, wiki moja kabla shule hazijafunguliwa, ilikuja barua moja tu. Msusi alikumbuka kuwa ni moja kwa sababu alipopita na ndoo alimsikia dada akisema, "Leo kuna moja." Dakika kumi baadaye alipita tena kuchukua kitana, akaona kikombe kimekauka hadi kwenye majani. Akadhani ni joto. Kufikia adhuhuri kiraka kilikuwa kimehifadhiwa, kimejaribiwa, kimetiwa, na toleo jipya lilikuwa njiani kwenda shule mia tatu.

Jumanne mchana, Makamu Mkuu wa shule ya wasichana alikuwa ameinamia beseni la kuoshea nywele, povu hadi masikioni, simu mkononi.

"Da' Kiraka," aliita kutoka humo bondeni. "Hili toleo lako jipya, ukilifungua linaonyesha orodha ya mabadiliko."

"Ndiyo. Kila toleo."

"Basi nisomee hapa, macho yangu yana sabuni. Au ngoja, nitasoma mwenyewe." Akajifuta, akasoma kwa sauti ya paredi: "'Kiraka hiki kinazuia mwalimu mmoja kupangiwa vyumba viwili kwa saa moja. Mimi binafsi nina tatizo la kinyume: nina vyumba viwili na niko peke yangu. Ukiridhia, nitakuja Jumamosi kumsalimu mama.'"

Kikaushio cha pili kilizimwa, na hakuna aliyewahi kukiri ni nani aliyekizima.

"Mama yupi?" aliuliza bibi harusi mtarajiwa aliyekuwa amesukwa nusu.

"Mama yetu," alisema Msusi taratibu. "Huyu wa ghorofani. Hapa mama ni mmoja."

Wote wakageukia kona. Da' Kiraka alikuwa amejiinamia kwenye kibodi, masikio yamemwiva.

"Maneno hayo yalitakiwa kuwa chini ya vistari," alisema.

"Yako juu," alisema Makamu Mkuu. "Na wakuu wa shule mia tatu wameyaona. Wetu ameyachapisha, kayabandika kwenye ubao wa matangazo chini ya ratiba ya usafi."

"Si uyafute tu," alisema bibi harusi.

"Hayafutiki. Nikifuta kwangu, wenzangu wanayo."

Bibi harusi alilifikiria hilo, akasema angependa na posa yake iwe imara namna hiyo. Ya kwake ilikuja kwa ujumbe wa simu, na simu yenyewe ilishaanguka kwenye maji.

Jioni ya siku hiyohiyo Mwalimu wa Hesabu aliandika barua. Safari hii hapakuwa na kiraka wala vistari. Msusi aliisoma juu ya bega la dada yake, na kicheko kikamwisha. Mwalimu alisema anaomba radhi, kwamba alikosea mahali pa kuandika, kwamba walimu wenzake sasa wanamwita Vyumba Viwili na mlinzi wa lango amemuuliza kimoja anakipangisha kwa kiasi gani. Kama maneno hayawezi kuondolewa kwenye programu, ni haki aondoke yeye. Hataleta kiraka tena, na hatamsumbua mtu tena kwa barua.

"Utamjibu nini?" aliuliza Msusi.

"Nafikiri."

"Usifikiri sana. Mtu mwenyewe ameshashika mlango."

Jumatano asubuhi hakukuwa na barua ya Mwalimu, na hata ya mtu mwingine yeyote. Chai ilipoa ikiwa imejaa kikombe. Msusi alikiangalia kile kikombe. Dada yake alikuwa na miaka arobaini na mbili na kicheko kimoja tu cha mabega, na mwenye kukileta alikuwa anaondoka kwa aibu.

Mama naye akateremka kutoka ghorofani, jambo analolifanya mara chache kwa sababu ya magoti. Akakaa kwenye kiti cha wateja kama hakimu.

"Mtu anakuja kunisalimu," alisema, "na mimi nasikia kwa muuza maziwa?"

"Haji tena, mama," alisema Msusi. "Ameona haya."

"Ameona haya gani? Aliandika uongo?"

"Hapana."

"Vyumba viwili anavyo?"

"Anavyo. Kimoja kinavuja," alisema Da' Kiraka, na akajikuta ametabasamu.

"Basi aje aone haya hapa, nikimwona. Haya ya mbali hayana maana."

Mchana barua zikaanza kumiminika. Katika kazi hii kuna desturi: kiraka kikisambazwa, wengine hukipitia na kuandika chini yake neno moja au mawili ya kukithibitisha. Kawaida hukipitia wawili watatu. Hiki kilipitiwa na arobaini na sita. "Nimekijaribu, kinafanya kazi," aliandika mhandisi mstaafu ambaye kwa miaka sita hakuwahi kukisifu kiraka cha mtu. "Sina pingamizi," aliandika mkutubi. Fundi mmoja wa mitambo aliandika, "Nimesoma sehemu ya pili tu. Naiunga mkono." Msusi alizisoma zote kwa sauti, kitana mkononi kama kipaza sauti, na wateja wakapiga kura ya kila moja kwa kupigapiga mikono ya viti. Da' Kiraka alikunywa mafunda arobaini na sita; Msusi alichemsha birika mara tatu na dada yake akaenda msalani mara tano.

Halafu, saluni ikiwa imejaa pomoni, Da' Kiraka akavuta kiti, akaanza kuandika. Hakuandika barua. Aliandika kiraka.

Programu ile huja na ratiba ya mfano, ili mtu mpya aone ratiba inavyokaa. Jumamosi yake ilikuwa tupu tangu siku ya kwanza. Aliongeza mstari mmoja: Jumamosi, saa nne, mgeni. Kisha, juu ya vistari vitatu, kweupe, mahali pasipofutika, akaeleza kazi kwa maneno mawili: "Mama yupo."

"Da' Kiraka," alisema Makamu Mkuu, aliyekuja kwa kisingizio cha kukausha nywele zilizokuwa kavu. "Hiyo iko juu."

"Najua ilipo," alisema, akabonyeza.

Jumamosi, saa tatu na nusu, Msusi alifungua pazia akaona mtu mfupi amekaa kwenye ngazi za duka la ng'ambo, shati limepigwa pasi hadi limekuwa na kona, mfuko mapajani. Alikuwa anaitazama saa yake kama msimamizi wa mtihani. Msusi akaita kwamba apite tu ndani.

"Imeandikwa saa nne," alijibu kwa adabu, na akabaki palepale nusu saa nzima, wateja wakimkagua kupitia dirishani. Saa nne kamili akagonga mlango uliokuwa wazi.

Da' Kiraka akasimama. Wakatazamana kama watu wanaofahamiana sana na hawajui wapeane mkono upi.

"Viatu," alisema dada hatimaye, akimtazama miguuni.

"Alinibadilishia. Ilichukua wiki mbili," alisema Mwalimu, na mabega ya dada yakaanza kucheza.

Ghorofani, mama alimkalisha mbele yake. "Wewe ndiye wa juu ya vistari?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Chini ulikuwa unaandika nini miaka yote hiyo?"

Mwalimu akakohoa. "Mambo ya paa, mama."

"Limezibwa?"

"Bado."

"Miaka minne unaziba programu ya watu na paa lako linavuja." Mama akamgeukia Msusi. "Lete chai. Huyu anahitaji mtu."

Alikaa hadi saa nane, na alipoaga aliomba kurudi Jumamosi inayofuata, mama akasema iwekwe kwenye ratiba. Akina dada wakabaki jikoni wakiosha vikombe. Msusi aliosha kile cha dada yake, akakigeuza, akakitazama ndani. Wiki nzima alikuwa amezungumza bila kupumua, lakini swali lilikuwa moja tu, na lilimjia sasa, kikombe kikiwa mkononi: barua moja siku ile ya Jumatatu, na kikombe kimekauka hadi kwenye majani.

"Dada," alisema. "Yale maneno uliyaona kabla hujakitia kile kiraka?"

Da' Kiraka aliendelea kufuta kisahani.

"Niliyaona," alisema. "Niliyasoma mara mbili."