Funguo Tano za Mlango Mmoja

Shangazi yangu anachonga funguo. Kibanda chake ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, lakini usimdharau! Hali ya maisha anaijua kabla ya taarifa ya habari.

"Mambo yakiwa mazuri mtu anahamia kwake, anachonga ufunguo mmoja tu wa akiba," aliniambia. "Yakikaza, ndugu wanarundikana nyumba moja. Ndio unasikia, 'Nichongee tano za mlango huu.'"

Nilibaki mdomo wazi. Tangu siku hiyo kila nikitoka shule naandika kwenye simu nani kachonga ngapi. Basi mwenye duka la dawa la jirani akahama, na mwenye nyumba akampa shangazi mpaka Ijumaa aseme kama anakitaka chumba hicho kikubwa, chenye kodi kubwa pia. Akikichukua, kibanda anapewa mtu mwingine siku hiyohiyo. Hakuna kurudi.

Binamu yangu, mwanawe, akacheka. "Mama, unaamua kwa ramli?"

"Ramli ni yako wewe unayebeti mpira kila Jumamosi."

Jumatatu, tano za mlango mmoja. Jumatano, nne. Shangazi hata chai hakuimaliza. "Bado pabaya," akasema. "Nitamwambia hapana."

Alhamisi jioni akaingia baba yangu, mdogo wake. Kiwanda cha vigae kilimwachisha kazi mwaka jana, tukahamia kwa shangazi sote wanne. Akaweka ufunguo mpya mezani.

"Dada, nichongee mmoja tu."

"Wa wapi huu?"

"Nimepata chumba. Wameturudisha kazini."

Shangazi akamtazama, kisha akanigeukia mimi. "We mtoto, wiki hii wa ufunguo mmoja tu wamekuja wangapi?"

Nikafungua simu. Kumi na mmoja! Wiki iliyopita walikuwa watatu. Jamani, tulikuwa tunatishwa na zile tano, hawa wa mmoja mmoja wanapita tu hata hatuwaoni.

Mashine ikapiga kelele, cheche zikaruka, baba akapewa ufunguo wake bado wa moto.

Ijumaa shangazi akasema ndiyo. Kisha akakaa kuchonga funguo za chumba chake kipya: wake, wa binamu, na mmoja akanirushia mimi.

"Shangazi! Tatu za mlango mmoja? Hapo si hali mbaya?"

"Hiyo," akasema, huku anapuliza unga wa shaba mezani, "usiiandike."

Nimeiandika.