Pepo Aliyenirudia Ukumbini

Mimi ni mwimbaji wa bendi ya muziki mzito hapa Makambako, ila kuimba kwangu ni kunguruma. Wiki iliyopita hofu ya onyesho letu la kwanza lililokuwa linakaribia ilininyima raha, nikawa nafanya mazoezi chumbani kwangu Kitandililo kutwa nzima. Jirani yangu, Mama Upendo, akaingia mbio na wanakwaya wenzake, wakaniwekea mikono na kukemea pepo. Niliona aibu kueleza.

"Nimepona, mama," nikasema.

Jumapili akanisimamisha kanisani nitoe ushuhuda. Mjinga mimi, nikautoa!

Jana onyesho likafika; ukumbini, katikati ya ngurumo, nikafumbua macho. Mama Upendo alikuwa mbele yangu, amekuja kuuza maandazi. Beseni likamponyoka.

"Jamani, lile pepo limemrudia!"

Vijana wakadhani ni kiitikio, wakaitikia kwa nguvu: "Limemrudia!"