Kikombe cha Mama na Jicho la Ayeeyo

Harufu ya moshi wa kuni ndani ya chombo cha maziwa hunirudisha kwetu Bura, katika ukame mmoja wa miaka ya tisini, nilipokuwa msichana wa shule ya msingi. Mifugo yetu ilikuwa ipelekwe mbali kutafuta malisho, na nyumbani tungeweza kulisha mbuzi mmoja tu. Maziwa yake yangekuwa ya mdogo wangu aliyekuwa bado mchanga, kwa kuwa mama alikuwa ametoka kuugua na yake yalikuwa yamekauka. Tukikosea kuchagua, mtoto angelala njaa.

Mama alimtaka mbuzi mweupe. Kila asubuhi alipima kwa kikombe cha bati, na mweupe aliwapita wenzake. Ayeeyo, mama yake baba, alimtaka mwekundu mwenye sikio lililochanika. Kwake, kupima maziwa kulikuwa kuitia baraka husuda. Yeye alitazama namna mbuzi anavyotafuna miiba na anavyosimama juani. Nilikaa mlangoni nikiogopa ugomvi. Lakini kwetu, aliyetaka kumkosoa mnyama wa mwenzake alipaswa kwanza kumsifu.

“Mashallah, mweupe wako ana maziwa,” Ayeeyo alianza. “Na anajijua. Anatembea kama bibi harusi. Jua likizidi, bibi harusi atakula miiba?”

“Mashallah, mwekundu ni mvumilivu, Hooyo,” mama akajibu, akimwita mkwewe ‘mama’ kwa Kisomali. “Ila mtoto hanywi uvumilivu.”

Ayeeyo alicheka mpaka akashika goti. “Basi abaki wako.”

Joto lilipozidi, maziwa ya mweupe yakapungua. Mama hakuficha, alimpelekea Ayeeyo kikombe akione. Nilingoja Ayeeyo aseme, “Si nilikwambia?” Badala yake alikwenda kumwokotea mbuzi maganda ya mgunga, na tangu siku hiyo, kila baada ya kukamua, aliuliza, “Leo kikombe kinasemaje?” Maziwa hayakurudi kama mwanzo, lakini yalitosha. Mtoto yule sasa ni mrefu hata huinama akipita mlangoni kwangu.

Siku hizi nasikiliza redioni watu wakibishana kuhusu kuchagua wachezaji. Mmoja hutetea jicho la mzoefu, mwingine takwimu, na kila mmoja humwita mwenzake mjinga kabla hajamaliza kusema. Maneno mema hutoa nyoka pangoni, nami nashukuru kwamba niliyasikia mapema, kwa wanawake wawili waliokuwa na mengi ya kupoteza. Wabishi wa redioni huenda wote wana hoja. Nawasikiliza mpaka mwisho, nikingoja ile Mashallah ya kwanza.