Kupe wa Mbwa wa Mzungu

Tulipohamia Loresho, mtaa wa Wazungu pembeni ya mji, miaka michache baada ya uhuru, tulirithi nyumba pamoja na mbwa wake. Mzungu aliyekuwa akirudi kwao alimwachia mume wangu maagizo mawili tu: mbwa atafutwe kupe kila siku, na aogeshwe dawa kila Jumamosi. Mume wangu aliitikia vizuri sana, kisha akashika njia ya ofisini mjini. Kazi ikabaki kwangu.

Nyasi za huko zilikuwa ndefu, na ng'ombe wa majirani walipita humo. Kila asubuhi nilikuta kupe masikioni, chini ya mkia, katikati ya vidole, wamevimba kama mbegu za mbarika. Niliwang'oa mmoja mmoja na kuwatumbukiza kwenye mkebe wa mafuta ya taa. Na mbwa yule, bwana mkubwa, hakusikia Kiswahili. Ukimwambia "tulia," anatoka mbio.

"Mama watoto, huyo mwambie *sit*," mume wangu alinifundisha.

"Siti!" nikasema. Mbwa akakaa, watoto wakavunjika mbavu. Mimi niliyeishia darasa la tatu nikawa na mtu mmoja tu wa kuzungumza naye Kiingereza.

Mvua ya masika ilipoanza, watoto wote watatu wakashikwa na surua. Wiki mbili sikumgusa mbwa. Sikumsahau, la. Nilichoka tu, na kila siku nikasema kesho.

Alipokataa nyama tukamwita daktari wa mifugo. Akamfunua mdomo, ufizi ulikuwa mweupe kabisa.

"Hii ni homa ya kupe, mama. Mmechelewa." Akamdunga sindano, akasema tungoje siku mbili tatu.

Daktari alipoondoka mume wangu akaanza: "Si nilikuambia umwangalie kila siku?"

"Nina mikono miwili, baba watoto. Yako ilikuwa wapi?"



Siku mbili zile nilimng'oa kupe bila hata kumwambia siti. Aliniachia masikio, miguu, tumbo, kila kitu. Utiifu ule uliniumiza. Niliona nimemuua mimi, kwa uchovu wangu.

Asubuhi ya tatu nilimshika mguu. Akaunyakua, akajikokota hadi nyuma ya tangi la maji, akanitazama kwa hasira. Nikajua atapona, na kazi yangu imerudi, yote. Nikaketi kwenye nyasi zilizolowa, nikalia.